Jalada kwanza, tangazo baadaye

Waheshimiwa viongozi wa chama, mawakili wasomi, wasaidizi wa kisheria mliosafiri kutoka wilayani, wanafunzi wa sheria: itifaki izingatiwe. Wakubwa zetu, shikamooni. Wadogo, hamjambo.

Mada tuliyopewa ni feloshipu za kimataifa kwa mawakili wa haki za binadamu na wa mashauri ya maslahi ya umma. Tunalitumia neno feloshipu kwa sababu ndilo linalosikika maofisini. Kwa maneno ya kawaida, ni kipindi ambacho wakili analipiwa ili atoke kwenye mbio za kila siku, akasome, afanye utafiti au akae ndani ya taasisi nyingine, kisha alichokipata akirudishe kwenye kazi aliyoiacha. Hilo la kurudisha ndilo linaloitofautisha na ufadhili wa kawaida wa masomo, na ndilo ambalo waombaji wengi huliandika mwisho kabisa, usiku wa kuamkia siku ya kufunga maombi.

Hali ilivyo tunaijua sote. Tangazo linarushwa kwenye kundi la WhatsApp zikiwa zimebaki siku kumi. Wakili analisoma mara mbili, linampendeza, halafu anaanza kutafuta mradi unaofanana na maneno ya tangazo. Likitaja mabadiliko ya tabianchi, mradi unakuwa wa tabianchi. Likitaja haki za mtandaoni, mradi unahamia mtandaoni. Ombi la namna hiyo husomwa kwa dakika chache likawekwa pembeni, na inauma, kwa sababu huenda aliyeliandika amewatetea wanakijiji miaka saba bila ada. Tunawaomba muanzie upande wa pili. Chukueni jalada lililokwama kabatini, muulize limekwama wapi hasa, ndipo mtafute ni nani anayeweza kuwasaidia kulikwamua.

Tulichukue moja linalojulikana. Wajane wawili wa Shinyanga walifukuzwa na wakwe kwenye nyumba walizoishi na waume zao, kwa msingi wa kanuni za mirathi zilizo katika Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963. Shauri lilifunguliwa Mahakama Kuu. Mwaka 2006 mahakama ilikubali kwamba kanuni zile zina ubaguzi, lakini ikakataa kuzibatilisha, kwa hoja kwamba mila haibadilishwi kwa amri ya mahakama. Rufaa ikakaa miaka, na mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikaitupa kwa kasoro ya kiufundi. Kituo cha Msaada wa Sheria kwa Wanawake, yaani WLAC, kikishirikiana na kliniki ya kisheria ya haki za wanawake ya Chuo Kikuu cha Georgetown, kililipeleka suala hilo kwenye Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Kuondoa Ubaguzi dhidi ya Wanawake. Njia hiyo ilikuwepo kwa sababu Tanzania ilijiunga mwaka 2006 na Itifaki ya Hiari ya mkataba unaosimamiwa na Kamati hiyo. Kamati ilitoa uamuzi wake mwaka 2015: haki za wajane wale zilivunjwa, walipwe fidia, na kanuni zile zibadilishwe.

Sasa litazameni jalada hilo kama mtu anayetaka kuomba feloshipu. Limekwama wapi? Ubaguzi ulishathibitika mwaka 2006. Kilichokwamisha ni nafuu, yaani amri ya mahakama ya kurekebisha kosa: hakimu au jaji anaogopa kufuta kanuni kisha abaki na pengo. Hilo ni swali linalosomeka, tena lina mahali pa kulisomea. Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini, katika shauri la Bhe mwaka 2004, ilibatilisha kanuni ya mila iliyompa urithi mwanaume mkubwa peke yake, na hapohapo ikaziba pengo kwa kuielekeza mirathi hiyo kwenye sheria ya kawaida ya marehemu asiyeacha wosia. Mahakama ya Rufani ya Botswana, katika shauri la Ramantele na Mmusi mwaka 2013, ilipita njia nyingine. Iliitafsiri mila yenyewe, ikaona haimzuii binti kurithi nyumba ya wazazi. Na kwetu tusisahau Ephrahim na Pastory, Mahakama Kuu Mwanza, 1990, ambapo Jaji Mwalusanya alimpa mwanamke wa Kihaya haki ileile ya kuuza ardhi ya ukoo aliyokuwa nayo mwanaume. Wakili mwenye jalada la mjane, anayejua kwamba shida yake ni nafuu, tayari ana mradi. Kilichobaki ni kuchagua mlango.

Milango ni mingi na haifanani. Chuo Kikuu cha Pretoria, kupitia Kituo chake cha Haki za Binadamu, kimekuwa na shahada ya uzamili ya haki za binadamu na demokrasia barani Afrika tangu mwaka 2000. Huchukua kama wanasheria thelathini kwa mwaka kutoka nchi mbalimbali, nusu ya kwanza wakiwa Pretoria, nusu ya pili wakitawanywa kwenye vyuo washirika vya nchi nyingine za Afrika. Kwa jalada letu la mirathi, hapo ndipo tungeanzia, maana hukumu za Bhe na Ramantele ni za nchi hiyo na ya jirani yake, na waliozipigania wanafikika kwa basi. Georgetown, mjini Washington, ilianzisha mwaka 1993 mpango wa uongozi na utetezi kwa mawakili wanawake wa Afrika, ambao shahada yao ya uzamili huambatana na kazi ya vitendo kwenye haki za wanawake. Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kina mpango wa watetezi wa haki za binadamu ulioanza mwaka 1989. Huo ni muhula mmoja tu, kuanzia mwisho wa Agosti hadi Desemba, na ni kwa watu wanaofanya kazi kwenye asasi.

Ofisi ya Kamishna Mkuu wa Haki za Binadamu wa Umoja wa Mataifa, Geneva, ina feloshipu ya watu wa asili tangu 1997 na ya makundi madogo tangu 2005. Hulipia tiketi, kujikimu na bima ya msingi ya afya. Mmasai, Mhadzabe au Mwogiek anayeomba ile ya watu wa asili ajue kwamba jambo linalotazamwa kwanza ni kama jamii yake yenyewe imempendekeza, kwa hiyo barua ya baraza la wazee au ya asasi ya jamii hutangulia wasifu. Ofisi hiyohiyo ina feloshipu ya watu wenye asili ya Afrika, na kila mwaka kuna Waafrika wanaoiomba wakiwa Arusha au Kisumu. Ile ni kwa ajili ya wanaoishi nje ya bara, ughaibuni. Msipoteze usiku wenu kwa hiyo.

Kwa asiyeweza kabisa kuacha ofisi, Oxford ina shahada ya uzamili ya sheria ya kimataifa ya haki za binadamu inayosomwa kwa muda wa ziada: sehemu kubwa ukiwa nyumbani, na vipindi viwili vya kiangazi ukiwa chuoni. Na kuna aina nyingine ambayo haifai kuchanganywa na hizi: ya ulinzi, kwa mtetezi aliye hatarini au aliyechoka kupita kiasi. Chuo Kikuu cha York, Uingereza, hupokea watetezi wa namna hiyo kwa miezi michache. Huko hakuna anayetafuta mradi wa kisheria uliokomaa. Wanatazama hatari iliyopo na haja ya kupumua. Mtu aliye hatarini akijieleza kama mtafiti anajinyima nafasi, na mtafiti akijifanya yuko hatarini anamnyima mwingine, jambo ambalo kwetu ni kosa kubwa.

Chevening ya Uingereza na Fulbright ya Marekani, ambazo ni fadhili za masomo, zinajulikana zaidi, ingawa hazikuundwa kwa ajili ya mawakili wa haki. Chevening hudai uzoefu wa kazi wa saa 2,800. Ukigawa kwa saa 35 za wiki, ni wiki 80 kamili. Kazi ya kujitolea nayo huhesabiwa, ila someni masharti ya mwaka husika kuhusu saa za kabla ya kuhitimu. Ukimaliza unatakiwa kurudi nyumbani kwa miaka miwili. Fulbright nayo huja na viza ya J-1, ambayo humfunga mwenye nayo akae kwao miaka miwili kabla hajaruhusiwa kuomba aina fulani za viza za kazi au ukaazi wa kudumu Marekani. Waelezeni wenza wenu mapema, kwa sababu kifungo hicho kinahusu mipango ya familia nzima.

Maoni yetu ni kwamba wakili mwenye mashauri yanayoendelea hunufaika zaidi na miezi mitatu au minne kuliko mwaka mzima. Mwaka mzima tunampendekeza aliye na miaka miwili au mitatu ya kazi, au aliye kwenye ofisi yenye watu wa kumshikia.

Kabla ya kuandika neno lolote, hakikisheni mradi wenu unaweza kufika mahakamani. Wasomaji wa maombi hugundua upesi mtu asiyejua milango ya haki ya nchi yake. Tanzania ilijiondoa mwaka 2019 kwenye tamko linaloruhusu mtu binafsi au asasi kufungua shauri moja kwa moja katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu pale Arusha, na kujiondoa huko kukaanza kufanya kazi Novemba 2020. Anayeandika leo kwamba akirudi atamfungulia mteja wake wa Tanzania shauri jipya hapo, amejikwaa kizingitini. Kenya haikuwahi kutoa tamko hilo. Shauri la Waogiek dhidi ya Kenya lilifika Arusha kwa kupelekwa na Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Banjul, likaamuliwa Mei 2017, na fidia ya zaidi ya shilingi milioni 157 za Kenya ikaamriwa Juni 2022. Njia ya Banjul, basi, ipo, mradi nafuu za ndani ziwe zimetumika kwanza.

Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki ina mtego mkali zaidi kwa anayesafiri. Ibara ya 30(2) ya Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki inatoa miezi miwili tu, kuanzia tendo lilipofanyika au lilipojulikana kwa mlalamikaji, na mahakama imekataa kuirefusha. Wakili anayeondoka Agosti akiwa amebeba malalamiko ya Julai, akipanga kuyafungua akirudi Desemba, atakuwa ameshamzika mteja wake. Fungua kabla ya kupanda ndege, au mwachie mwenzako hati zilizokamilika.

Kwa mashauri ya ndani, wa Tanzania mkumbuke marekebisho ya mwaka 2020 ya Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi. Yalimtaka anayefungua shauri aape kwamba suala linamgusa yeye binafsi. Ule uwanja mpana wa kushtaki kwa maslahi ya umma, uliofunguliwa na Jaji Lugakingira katika shauri la Mtikila la mwaka 1993, ukabanwa. Kwa hiyo mradi usiotaja aina ya wateja watakaoathirika moja kwa moja unaonekana mtupu. Wakenya mna nafasi pana zaidi chini ya ibara ya 22 na ya 258 za Katiba ya 2010, lakini nanyi mseme mtaitumiaje.

Sasa kuandika. Aya ya kwanza ndiyo inayoamua. Aya inayorudi kila mwaka, kwa maneno tofauti kidogo, ni hii: “Tangu utotoni nimeguswa na mateso ya wanyonge. Feloshipu hii itanijengea uwezo wa kuwa sauti ya wasio na sauti.” Mwandishi anaweza kuwa mkweli kabisa, lakini msomaji hajaambiwa kitu. Ijaribuni hivi: “Ofisi yetu ina mashauri sita ya wajane yaliyokwama kwenye hoja moja: mahakama inakubali kuna ubaguzi, ila inahofia kufuta kanuni na kuacha pengo. Naomba miezi minne nisome namna mahakama za Afrika Kusini na Botswana zilivyoandika nafuu zao, na niandike rasimu ya nafuu mbadala itakayoingizwa kwenye mashauri mawili kati ya hayo.” Humo mna idadi, kikwazo, muda, zao la kazi, na mahali zao hilo litakapowekwa. Hakuna hata neno moja la kujisifu, na bado mwombaji anaonekana anaijua kazi yake. Waraka uliobaki ni kuthibitisha aya hiyo: kila wiki utafanya nini, utamwona nani, nani ofisini atapokea rasimu.

Barua za mapendekezo huharibika kwa heshima. Tunamwendea mkubwa mwenye cheo, ambaye hajawahi kusoma hata hati yetu moja, naye anaandika kwamba sisi ni wachapakazi na waaminifu. Mwendeeni aliyesahihisha rasimu zenu. Mwandamizi anayeweza kuandika kwamba “yeye ndiye aliyeona kiapo cha mjibu maombi hakina aya ya uthibitisho, na pingamizi letu likakubaliwa” amekubebeni kuliko jaji mstaafu asiyewajua. Mpeni wiki sita, mpeni na karatasi yenye namba za mashauri, tarehe, na sehemu mliyoifanya wenyewe. Wiki moja kabla, mkumbusheni kwa upole. Siku ya mwisho, msimkumbushe: barua iandikwe kabla ya hapo.

Nyaraka nyingine zina mitego midogo inayoua maombi makubwa. Majina ndiyo mtego wa kwanza kwetu. Pasi ina majina matatu, cheti cha shahada mawili, cheti cha kuzaliwa kina jina la ubatizo lisilotumika tena, na mfumo wa mtandaoni unataka jina la ukoo ambalo nusu yetu hatuna. Tofauti ndogo hutosha kuelezwa kwa kiapo. Jina lililobadilika kabisa linahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Amueni mapema mpangilio mmoja, unaofuata pasi, muutumie kila mahali, hata kwenye tiketi. Mtego wa pili ni transkripti, yaani orodha rasmi ya masomo na alama zako. Vyuo vingi vya nje hutaka itumwe moja kwa moja na chuo ulichosoma, na kama una deni la maktaba au la ada, haitoki. Lifuteni deni hilo miezi minne kabla. Matokeo ya mtihani wa Kiingereza wa IELTS hudumu miaka miwili, hivyo usiufanye mapema mno. Anayekwenda Uingereza kwa zaidi ya miezi sita atahitaji cheti cha kipimo cha kifua kikuu kutoka kliniki iliyoidhinishwa, na cheti hicho huishi miezi sita.

Na kuhusu matapeli: feloshipu ya kweli haiombi “ada ya kuharakisha” kwa pesa za simu. Ikiomba, achaneni nayo.

Fedha zizungumzwe wazi, kwa sababu ndizo zinazowarudisha watu nyumbani katikati ya muhula. Posho ya kwanza mara nyingi huingia wiki kadhaa baada ya kufika, wakati mwenye nyumba anataka kodi ya mwezi wa kwanza pamoja na amana siku ya kukabidhi ufunguo. Mwulizeni mfadhili kwa maandishi: posho ya kwanza inaingia tarehe gani, na je, kuna fedha ya kutua? Kama haipo, kopeni au wekeni akiba ya wiki sita kabla hamjaondoka. Feloshipu nyingi hazimlipii mwenza wala watoto. Upande wa nyumbani nao una orodha yake: kodi, ada za shule, dawa za mama, mchango wa kikoba, na ada ya kuhuisha cheti cha uwakili, ambacho huisha kila mwaka hata kama uko New York. Wasiokihuisha wamerudi wakakuta hawaruhusiwi kusimama mahakamani, na kila hati waliyotia saini kwa mbali imekuwa na kasoro. Mwajiri naye aandike: nafasi yako inabaki? Mshahara unasimama, unapungua, au unaendelea? “Tutaona ukirudi” si makubaliano.

Makabidhiano ya majalada ndiyo sehemu ambayo mfadhili haiulizii na mteja ndiye anayeilipia ikiharibika. Kila jalada liwe na karatasi moja juu: namba ya shauri na mahakama, tarehe ijayo na ni ya nini, ukomo wa muda wowote unaokimbia, mahali zilipo nyaraka halisi, simu ya mteja na ya ndugu mmoja, lugha anayoielewa vizuri. Hati za ardhi zilizo kwenye droo yako zitoke humo, ziandikishwe, mpokeaji atie saini. Mteja aitwe, aelezwe, aonyeshwe uso wa wakili mpya, akubali. Mahakamani iwasilishwe taarifa ya kubadili wakili. Shauri likifutwa kwa kutohudhuria kwa sababu jina lililoko kwenye kumbukumbu bado ni lako na simu yako imezimwa, maombi ya kulirudisha yatadai sababu ya msingi, na “wakili wangu alikuwa masomoni” haitoshi.

Jambo dogo linaloambatana na hilo: msibebe nyaraka za wateja kwenda kwenye kliniki ya chuo bila ridhaa yao ya maandishi, kwa lugha wanayoielewa. Wanafunzi wa huko watazisoma, watazijadili darasani, wataziacha kwenye kompyuta. Ondoeni majina, na kompyuta mnayosafiri nayo iwe na nywila na diski iliyofungwa kwa usimbaji.

Siku tisini za kwanza baada ya kurudi zipangwe mkiwa bado huko. Wiki ya kwanza, rudisheni majalada kwa karatasi zilezile. Wiki ya tatu, rasimu ya nafuu isomwe na ofisi nzima, pamoja na wasaidizi wa kisheria, kwa sababu wao ndio wanaojua kama amri inayoonekana nzuri Dar es Salaam inatekelezeka mbele ya mtendaji wa kijiji. Kabla ya mwezi wa tatu kwisha, rasimu iwe imeingia kwenye shauri mojawapo lililotajwa kwenye ombi. Shauri likiwa limeshamalizika, andikeni kwa mfadhili ni lipi limechukua nafasi yake na kwa nini. Wafadhili hawakasirishwi na mabadiliko. Hukasirishwa na ukimya.

Waliokuja na rasimu zao leo, tutawaomba ukurasa wa kwanza tu. Tumetenga saa mbili baada ya chai, kwenye meza ya dirishani, na tutaanza na wasaidizi wa kisheria kwa kuwa basi lao linaondoka saa kumi. Ambao hamna rasimu, njooni na namba ya shauri lililokwama na tarehe yake ijayo.